RADA YA KULINDA NDEGE ZILIZO CHINI

Watu wengi hudhani ya kuwa hatari yote ya safari za ndege iko angani. Lakini hata ikiwa chini, ndege ina hatari zake. Katika uwanja mkubwa hupita ndege nyingi, malori ya mafuta na motokaa za kuzimia moto, na njia zao hukutana na njia ya kurukia. Hewa ikiwa safi, waongozaji walio mnarani huyaona yote kwa macho. Ukungu ukishuka hawaoni kitu, nao hutegemea maneno ya marubani na madereva katika redio tu.

Hapo ndipo rada inapofaa. Chombo chake huzunguka mahali pa juu, kikipeleka mawimbi ya redio yaendayo kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Mawimbi hayo yakigonga ndege au lori hurudi, mithili ya mwangwi wa sauti utokao jabalini. Muda wa kwenda na kurudi huonyesha umbali wa kitu, na upande chombo kilikoelekea huonyesha mahali kilipo. Mwongozaji hukiona kama doa la nuru juu ya ramani ya uwanja. Kwa kuwa doa halina jina, ndege nyingi, na magari pia, huchukua chombo kidogo kinachojitambulisha kwa redio.

Faida ya rada ilidhihirika kwa msiba mjini Milan, Italia. Tarehe 8 Oktoba 2001, uwanja wa Linate ulikuwa umefunikwa na ukungu mzito. Rada ya zamani ilikuwa imekwisha kuondolewa kazini, na mpya haijaanza kutumika. Ndege ndogo ilipotea njia, ikaingia katika njia ya kurukia, ikagongwa na ndege ya abiria iliyokuwa ikiruka kwenda Copenhagen. Watu 118 walikufa, wanne kati yao wakiwa wafanyakazi wa uwanja.

Hata hivyo, chombo peke yake hakitoshi. Katika uwanja wa Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, onyo lilitokea katika kioo cha waongozaji, lakini halikutambuliwa. Ndege mbili ziligongana, wakafa watu watano. Kwa hiyo sharti la kale lingalipo: rubani au dereva asiingie njia ya kurukia bila ruhusa, na mwongozaji asiache kuangalia.