Linux Katika Kipakatalishi: Kila Kiungo na Mkalimani Wake

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu wa 2026 nimeona nisiandike insha ya methali wala kisa cha sungura, manake hizo ziko tele katika jarida hili na wapo wanaoziandika kunishinda. Nitaeleza jambo ambalo wengi wamekuwa wakiniuliza njiani tukirudi nyumbani: hii Linux ni kitu gani, na unaiwekaje katika kipakatalishi cha zamani mpaka kila kiungo chake kifanye kazi, siyo skrini na kibodi pekee.

Kwanza sababu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inataka mashine yenye prosesa ya miaka ya karibuni na kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Sasa hebu tazameni vipakatalishi vyetu hapa Chewele. Ni vile vilivyochoka maofisini Nairobi na Mombasa, vikauzwa bei ya chini, vikapanda basi pamoja na magunia hadi huku. Changu alininunulia mjomba, naye aliambiwa ni cha mwaka 2012. Mashine ya umri huo Windows 11 haiitambui hata kidogo. Nacho si cha mchezo. Jirani wanakuja kuandikiwa barua na kujaziwa fomu za basari, mama anaweka humo hesabu ya mahindi ya skimu, nami nina maandishi yangu yote ya masomo. Kikifa hakuna kingine. Fundi tunamfuata Hola au Garissa, na mvua ikinyesha laga zikajaa, hata huyo fundi ni wa kuota tu.

Haya basi, Linux. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, Linus Torvalds, aliwatangazia watu kwamba anatengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta kwa kujifurahisha tu. Alikuwa na umri wa miaka 21. Jambo ambalo mimi hunichekesha ni kwamba aliwaonya wasitarajie utumie diski za aina nyingine, kwa sababu yeye alikuwa na aina moja tu! Hapo ndipo penye siri ya habari yote hii. Linux ilianza kwa kuijua mashine ya mtu mmoja. Kila alipotokea mwingine mwenye mashine tofauti, na akawa na moyo wa kuandika, ikaijua na hiyo. Leo kiini cha Linux kina zaidi ya mistari milioni 30 ya maandishi ya programu, na zaidi ya nusu ya mistari hiyo inashughulika na jambo moja: kuongea na viungo vya mashine mbalimbali.

Maandishi hayo ya kuongea na kiungo, kwa Kiingereza huitwa kwa jina lile lile lililotuzalia sisi neno dereva. Mimi sioni kuwa yanaendesha chochote. Nayaita mkalimani, na mlezi wetu akiona neno linafaa, na alipeleke mbele.

Manake ni hivi. Nenda kwenye baraza lolote huku kwetu. Chifu anasema Kiswahili, na pale mbele yuko mzee wa Kiorma, yuko nyanya wa Kipokomo, yuko Mmunyoyaya, yuko na Msomali. Kila mmoja ana neno la maana la kusema. Mzee yule asipopata mtu wa kumfasiria atakaa pale mpaka baraza liishe, watu wamuone, wamhesabu, lakini shauri lake lisisikike. Je, mzee ni bubu? La hasha. Kadi ya waifai katika kipakatalishi ni vivyo hivyo. Ukiweka Linux na waifai isitokee, usikimbilie kusema kadi imekufa. Kadi iko salama salmini, mkalimani ndiye hayupo.

Kwa Windows, kwa kawaida kila kampuni iliyotengeneza kiungo huandika mkalimani wake yenyewe. Kwa Linux wakalimani wengi huishi ndani ya kiini chenyewe, kwa hivyo wanakuja nacho bila kuitwa. Ndiyo sababu mashine kuukuu mara nyingi inaipokea Linux vizuri kuliko mashine iliyotoka dukani jana: watu wamekuwa na miaka ya kutosha kuizoea. Shida huja kampuni ikificha lugha ya kiungo chake. Kwa muda mrefu kadi za waifai za Broadcom zilisumbua watu dunia nzima, hata ikabidi watu wa kujitolea wasikilize jinsi kadi inavyosemezana na mifumo mingine, neno kwa neno, mpaka wakaijua lugha bila kufundishwa na mwenyewe. Mkalimani wao, aitwaye b43, aliingia katika kiini mwanzoni mwa 2008. Kampuni yenyewe ilitoa wa kwake wa wazi mwaka 2010, wa kadi mpya mpya. NVIDIA nayo, watengenezaji wa kadi za picha, ilimuudhi Torvalds hadi mwaka 2012, mbele ya hadhara huko Ufini, akaielekezea kamera kidole ambacho hapa kwetu hakionyeshwi mbele ya wazee. Miaka 10 baadaye, mwaka 2022, kampuni hiyo ilianza kuweka wazi sehemu ya wakalimani wake.

Sasa tuje kwenye kazi. Linux ina aina nyingi. Ubuntu, iliyoanza Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Kutoka kwa Ubuntu ikazaliwa Linux Mint, na mimi natumia Mint ya Xfce kwa sababu ni nyepesi. Nilipakulia faili lake sayba, manake ni karibu GB 3 na bando zangu ni za kuhesabu. Unahitaji flashi ya GB 8 na programu ya kuandikia, kama Rufus. Ujue kwamba kila kilichokuwa kwenye flashi hiyo kitafutika.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu ndilo jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Usifute Windows kwanza! Flashi hiyo inaweza kuiwasha Linux bila kugusa diski yako. Unazima mashine, unaiwasha huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia (kwingine ni F12, kwingine F9 au Esc), unachagua flashi, na baada ya dakika chache Mint imefunguka mbele yako. Diski haijui kama kuna mgeni. Ukizima ukachomoa flashi, unarudi kwa Windows yako kama kawaida. Katika hali hiyo ndipo ujaribu viungo kimoja kimoja: piga wimbo, fungua kamera, papasa kibao, ongeza na upunguze mwangaza, chomeka flashi nyingine, washa Bluetooth, funga kifuniko uone kama kitaamka ukikifungua. Wengi huangalia skrini tu, wakaridhika, wakafuta. Mimi nilitumia jioni nzima na daftari la hesabu, ukurasa mmoja nikaupiga mistari miwili: vinavyosema upande huu, vilivyonyamaza upande ule.

Upande wa vilivyonyamaza nilipata vinne: waifai, sauti, vitufe vya mwangaza, na kidude cha kusoma alama ya kidole.

Dawa ya kwanza ni kujua kiungo kinaitwaje hasa. Jina lililoandikwa kwenye kifuniko halikusaidii, kwa sababu vipakatalishi viwili vya jina moja vinaweza kuwa na kadi mbili tofauti ndani. Hata vile vidude vya waifai vya kuchomeka kwenye USB, kampuni huweza kubadilisha ya ndani na kuacha boksi lile lile. Kwa hivyo fungua dirisha la kuandikia amri, andika lspci -nnk, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Utaletewa orodha ya viungo, na kila kimoja kina nambari mbili zilizotengwa kwa nukta mbili. Ya kwanza ni ya kampuni: 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek. Ya pili ni ya kiungo chenyewe. Chini yake utaona mkalimani anayetumika, na kama mstari huo haupo, basi umempata aliyekosa mkalimani. Vilivyopita kwenye USB, kama kamera, vitafute kwa lsusb. Nambari hizo ndizo za kupeleka kwenye intaneti kutafuta. Ukitafuta kwa kuandika "waifai yangu haishiki" utapewa majibu ya watu wenye ugonjwa mwingine kabisa.

Lakini utaingiaje kwenye intaneti na waifai ndiyo mgonjwa? Swali zuri. Tumia simu. Ichomeke kwa waya wa USB, kisha katika mipangilio ya simu uiruhusu igawe intaneti kwa waya huo. Kipakatalishi kitaiona simu kama waya wa mtandao, na kwa simu nyingi za Android mkalimani wake yumo tayari. Tena hapa niwaambie jambo: Android yenyewe imejengwa juu ya kiini cha Linux. Kwa hivyo wale wanaosema Linux haijafika Chewele, waangalie mifukoni mwao.

Kadi yangu ilikuwa na mkalimani, kumbe iliyokosekana ni famwea. Famwea ni maagizo ambayo kadi yenyewe husomewa kila inapoamka. Ni kama kahawa ya mzee wa baraza, mkalimani anaweza kuwa tayari ameketi lakini mzee asipoinywa hasemi. Baadhi ya famwea hazipakiwi pamoja na mfumo kwa sababu ya masharti ya wenyewe. Katika Mint iko programu ya kusimamia wakalimani. Niliifungua nikiwa na intaneti ya simu, ikaonyesha kadi yangu na kitu cha kuiwekea, nikakubali, nikazima na kuwasha. Waifai ikaja. Kama mashine yako ni ya miaka ya karibuni, angalia pia kitu kiitwacho Secure Boot kwenye mipangilio ya BIOS, kwa kuwa kinaweza kumkataa mkalimani asiye na muhuri. Na kabla ya yote hayo andika rfkill list, isije ikawa waifai imezimwa kwa kitufe tu na wewe unahangaika bure.

Sauti ilikuwa rahisi. Kwenye dirisha lile lile niliandika alsamixer, nikaona chini ya spika herufi MM, maana yake imefungwa mdomo. Nikabonyeza M, nikapandisha kwa mshale. Basi.

Mwangaza ulinitoa jasho kidogo. Vitufe vilikuwa vikionyesha alama ya jua kwenye skrini, na mwanga wenyewe haubadiliki, na huku kwetu jua la saa saba bila kuongeza mwanga husomi kitu. Mashine nyingine huwa na njia mbili tatu za kuamrisha taa ya skrini, na Linux huchagua moja. Ikichagua isiyofaa, unaielekeza: katika faili liitwalo /etc/default/grub, kwenye mstari wa maagizo ya kuwashia, unaongeza acpi_backlight=native, au vendor ikiwa native haikufaa, unahifadhi, kisha unaandika sudo update-grub na kuwasha upya. Kwangu ya pili ndiyo iliyokubali.

Nilipojua dawa ya kila kimoja ndipo nilipohamisha faili zote kwenye flashi nyingine, nikajaza betri manake stima ya huku haiagi ikiondoka, nikasakinisha. Kusakinisha kwenyewe ni kubonyeza tu, hakuhitaji maelezo mengi.

Wapo watakaouliza, mambo haya yanahusu vipi Kiswahili? Yanahusu sana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu OpenOffice, kama Linux, maandishi yake yako wazi na hakuna wa kuombwa ruhusa. Walilazimika kukaa na kutafuta maneno ambayo lugha haikuwa nayo. Kazi ile ni kama hii tunayoifanya sisi kila Alhamisi chini ya mwarobaini, na wao hawakuwa na kengele ya kuwakatiza.

Kwa sasa kipakatalishi kinafanya kazi na fomu za basari zinaendelea kujazwa. Printa ya jirani, ambayo ni ya HP, iliposhikishwa waya ilijitambulisha yenyewe bila hata kuulizwa. Kidude cha alama ya kidole ndicho bado kimenuna. Nambari yake nimeitafuta, na mkalimani wake bado hajaandikwa. Kwa hiyo naandika nywila kwa mkono kama watu wote, na kidude kile mdogo wangu amekibandikia kijikaratasi cha peremende.