Mnada wa Simu na Duka la Mtandaoni: Uchaguzi wa Muuzaji Mdogo wa Raskazone

Mnada ni namna ya kuuza ambayo bei yake haipangwi na mwenye mali peke yake bali huzaliwa katika ushindani wa wanunuzi waliokutana kwa wakati mmoja, ilhali duka ni namna ya kuuza ambayo bei hutangazwa mapema na bidhaa hukaa ikimngojea mnunuzi ajitokeze kwa wakati wake. Biashara inapohamia mtandaoni tofauti hiyo haifutiki, ingawa programu nyingi za simu huificha kwa kuziweka namna zote mbili chini ya picha zilezile na vitufe vilevile. Ndiyo maana muuzaji mdogo anayetafuta mahali pa kuuzia mtandaoni hukosea anapoanza kwa kuuliza ni programu ipi iliyo rahisi au ni ipi isiyotoza ada, kwa sababu swali linalopaswa kutangulia ni kama bidhaa yake inahitaji umati au inahitaji muda.

Raskazone, rasi iliyo upande wa mashariki wa mji wa Tanga na inayoitazama ghuba pamoja na kisiwa cha Toten, inafaa kuwa kielelezo cha swali hilo, kwa kuwa kandokando ya ghuba hiyo hukutana aina mbili za bidhaa zenye tabia zilizo mbali sana. Kuna mali ya nyumbani inayouzwa wenye nyumba wanapohama au warithi wanapogawana, yaani samani za mbao ngumu, majokofu, jenereta, injini za boti na milango ya zamani, ambayo kila kipande chake ni cha pekee na hakiozi. Kuna pia samaki, ambao hufanana sana ndani ya fungu moja lakini hupoteza thamani kwa kila saa inayopita.

Mnada wa samaki katika soko la Deep Sea, kama ilivyo katika mialo mingi ya pwani ya Tanga, huendeshwa na dalali, mtu anayenadi samaki kwa niaba ya mvuvi na kukata kamisheni yake katika mauzo. Samaki hupangwa mafungu kwa aina na ukubwa, changu mbali na kolekole na nguru, kisha wachuuzi, wakaanga samaki na wanunuzi wa hoteli hupandishiana dau mpaka apatikane wa mwisho. Umati tayari upo, bidhaa inaonekana na kushikika, na shughuli huisha kwa muda mfupi, hivyo duka la mtandaoni lenye picha na bei halina kazi hapo, kwa sababu picha ya samaki wa asubuhi ifikapo jioni ni ya samaki ambaye hayupo tena au ambaye hafai tena kwa bei ile. Kinachoweza kumsaidia dalali ni ujumbe unaotumwa kabla chombo hakijatia nanga, ukieleza aina na kiasi cha samaki kinachotarajiwa, ili wanunuzi wa mbali waamue kama watatuma gari na barafu.

Katika mialo hiyo kuna jambo jingine ambalo watengenezaji wengi wa programu za masoko hulipita bila kuliona, nalo ni deni. Dalali mara nyingi humkopesha mvuvi mafuta, barafu au nyavu, na mvuvi hulipa kwa kupeleka samaki wake kwa dalali huyohuyo, hivyo muuzaji ambaye programu humchukulia kuwa huru kwenda kwa mnunuzi yeyote, kwa kweli amefungwa na ahadi aliyoiweka kabla ya kuingia baharini. Programu inayomwonyesha mvuvi huyo bei nzuri zaidi ya soko lingine, bila kumpatia mkopo wa mafuta ya kesho, humwongezea taarifa asiyoweza kuitumia, na huo ndio upungufu mkubwa wa juhudi zinazodhani kwamba tatizo la mvuvi mdogo ni kutojua bei tu.

Mfano wa karibu wa mnada wa kielektroniki uliofanikiwa kwa bidhaa nyingi ni ule wa korosho, ambazo katika msimu wa 2024/2025 zilinadiwa kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, lijulikanalo kwa kifupi TMX. Kabla yake wanunuzi wa korosho waliandika bei zao kwa siri na kuzitumbukiza katika sanduku, mtindo uitwao zabuni ya kufungwa, na bei hizo zilisomwa mbele ya wakulima. Mfumo huo wa kielektroniki umewezekana kwa sababu korosho hukusanywa maghalani chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, hupimwa na kupangwa madaraja, hivyo mnunuzi aliye mbali anajua anachokinunua bila kukiona. Kabati la mninga lililotoka katika nyumba moja ya Raskazone halina daraja wala ghala linaloweza kulithibitisha, na ushahidi pekee wa ubora wake ni neno la muuzaji.

Historia ya eBay, soko la minada la Marekani lililoanzishwa mwaka 1995 na Pierre Omidyar kwa jina la AuctionWeb, inaonyesha kwamba hata mnada wenyewe haujitoshelezi. Mwaka 2000 soko hilo liliruhusu bidhaa kununuliwa papo hapo kwa bei iliyotajwa, na mwaka 2001 likawapa wauzaji nafasi ya kufungua maduka yao ndani ya soko kwa ada ya mwezi. Sababu yake inaeleweka kwa kila mnadi: katika kila mnada kuna mali inayobaki kwa kukosa wanunuzi wawili wanaoitaka siku hiyo, na mali hiyo inahitaji rafu ya kungojea. Kwa muuzaji wa Raskazone, hata hivyo, eBay yenyewe si jawabu la mali nzito, kwa sababu gharama ya kusafirisha kabati au jokofu kuvuka bahari huimeza bei yote, na wanunuzi wake halisi wako Tanga, Moshi, Arusha na Dar es Salaam, umbali ambao lori au basi linaufikia.

Kilichobaki, basi, ni kuchagua kati ya tovuti za matangazo, mitandao ya kijamii, duka la tovuti yake mwenyewe, na programu za ujumbe. Tovuti za matangazo, kama Jiji na Kupatana, humkutanisha muuzaji na mnunuzi asiyemjua, na kwa kawaida hupata mapato yao kwa kuwatoza wauzaji wanaotaka tangazo lao lipandishwe juu ya mengine. Hilo ni jambo jema kwa mali inayosubiri, lakini muuzaji anapaswa kukumbuka kwamba wateja wanaompata kupitia tovuti hiyo ni wateja wa tovuti. OLX ilipouza biashara yake ya nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa Jiji mwaka 2019, na Jumia ilipofunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba mwaka huohuo, wauzaji waliokuwa hawajaandika popote namba za wanunuzi wao walilazimika kuanza upya. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kaunta ya mtandaoni, hata kabla ya wingi wa wageni wake, iwe ni uwezo wa muuzaji kuondoka na daftari la wateja wake siku kaunta hiyo itakapofungwa.

Kwa kigezo hicho, WhatsApp Business, programu iliyotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya biashara ndogo, ndiyo inayomfaa zaidi mnadi mdogo, ingawa haikutengenezwa kwa ajili ya minada na kasoro zake zinahitaji kujulikana. Ndani yake kuna vyombo vinne vinavyochanganywa mara kwa mara. Kundi huchukua hadi watu 1,024 na kila mmoja huona ujumbe wa mwenzake, jambo linalolifanya kuwa uwanja wa kweli wa kupandishiana bei, lakini pia huonyesha namba za simu za wote, hivyo mshindani anaweza kuingia na kuzinakili. Orodha ya usambazaji hupeleka ujumbe kwa watu hadi 256 kila mmoja kwa siri yake, nayo huwafikia tu waliohifadhi namba ya muuzaji katika simu zao, sharti ambalo wauzaji wengi hawalijui na ambalo hueleza kwa nini matangazo yao hayajibiwi. Chaneli, iliyoenea duniani mwaka 2023, huficha namba za wafuasi lakini hairuhusu wafuasi hao kutoa dau kwa kujibu ujumbe. Katalogi, yaani orodha ya bidhaa zenye picha, maelezo na bei, ndiyo rafu inayolingana na duka.

Mpangilio unaofaa kwa mali za Raskazone ni kutumia kundi kwa mnada wa siku maalumu, kisha kuhamishia katika katalogi kila kilichobaki, kikiwa na bei iliyokaribiana na dau la juu lililokataliwa. Samani na vyombo ambavyo watu wengi wanavijua na kuvitaka, kama majokofu na jenereta, havina faida kubwa ya kunadiwa, kwa sababu bei yake ya soko inafahamika na mnada wenye watu wachache unaweza kuishusha badala ya kuipandisha. Mali ya pekee ambayo hata mwenyewe hajui thamani yake, kama mlango wa nakshi au saa ya ukutani ya zamani, ndiyo inayostahili umati. Hapa wauzaji wengi hufanya kinyume: huweka bei ya kukisia kwenye kitu adimu kisha hunadi kitu cha kawaida, na hupoteza pande zote mbili.

Kanuni ya kufunga mnada inahitaji uangalifu kuliko yote, kwani katika mnada wa uwanjani mnadi huwatazama watu usoni kabla ya kugonga nyundo, na katika simu macho hayo hayapo. Wanauchumi Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, walilinganisha minada ya eBay, iliyofungwa kwa saa isiyobadilika, na ile ya Amazon, ambayo muda wake uliongezwa kila dau jipya lilipoingia mwishoni, wakaona kwamba wanunuzi wa eBay walichelewesha madau yao hadi dakika za mwisho kwa wingi zaidi. Katika kundi la simu athari hiyo ni kali zaidi, kwa sababu mtandao hukatika, bando huisha, na madau mawili ya saa tatu kamili yanaweza kuonekana kwa mpangilio tofauti katika simu tofauti. Mnadi akitangaza tangu mwanzo kwamba mnada utafungwa baada ya dakika 5 kupita bila dau jipya, na kwamba simu yake ndiyo inayoamua lipi lilitangulia, ugomvi mwingi utakuwa umezuiwa kabla haujazuka.

Sheria nayo haikomei uwanjani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inahesabu mauzo ya mnada kuwa yamekamilika pale mnadi anapotangaza kwa kugonga nyundo au kwa namna nyingine iliyozoeleka, na kabla ya hapo mtoa dau anaweza kulifuta dau lake. Sheria hiyohiyo inamkataza muuzaji kutoa dau kwa mali yake mwenyewe au kumtuma mtu amtolee, isipokuwa haki hiyo iwe imetangazwa, na mnunuzi aliyefanyiwa hivyo anaweza kuyachukulia mauzo kuwa ya udanganyifu. Namba ya pili ya simu inayotumiwa na ndugu wa muuzaji kupandisha bei ndani ya kundi inaangukia katika katazo hilo, hata kama desturi imeizoea. Njia halali ya kujilinda na bei duni ni kutangaza kwamba mali ina bei ya chini ambayo haitauzwa pungufu yake. Mikataba iliyofanywa kwa ujumbe inatambuliwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, hivyo mazungumzo ya kundi ni ushahidi na hayafai kufutwa, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamfanya muuzaji awajibike kwa namba na majina anayoyakusanya. Anayenadi mali za watu wengine kama kazi anahitaji pia leseni ya udalali, na simu haimwondolei wajibu huo.

Tovuti ya muuzaji mwenyewe, yenye anwani inayoishia kwa .co.tz, humpa uhuru mkubwa kuliko vyombo vyote vilivyotajwa, lakini uhuru huo una gharama isiyobadilika hata mwezi usiokuwa na mauzo. Hesabu yake ni nyepesi: ikichukuliwa kwa mfano kwamba tovuti inagharimu shilingi 60,000 kwa mwezi, na kwamba soko mbadala linakata asilimia 8 ya kila mauzo, tovuti huanza kuwa nafuu pale mauzo ya mwezi yanapovuka shilingi 750,000, na chini ya hapo kamisheni ni bora. Hesabu hiyo haijagusa kazi ya kuwaleta watu kwenye tovuti, na muuzaji anayeuza mali mara moja kwa miezi miwili hana sababu ya kuikimbilia.

Malipo yapokelewe kwa Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, ili mnunuzi aliyeko Moshi aone jina hilo kabla ya kuthibitisha kutuma fedha, na amana ndogo iombwe kwa mshindi ndani ya saa zilizotangazwa, ikifuatwa na salio mali inapokabidhiwa au inapopakiwa kwenye basi huku ikipigwa picha. Laini ya simu inayobeba kundi, katalogi na daftari la wateja isajiliwe kwa mwenye biashara mwenyewe. Kwa kuwa laini nchini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mpwa au cha kijana wa dukani kisheria ni yake yeye, naye akiondoka kwenda Dar es Salaam huondoka na duka zima.