Nani ameshika rungu barazani? Fahamu modi za chaneli na aina za ujumbe katika IRC

KIJANA anayeingia katika duka la intaneti mjini Songea, akafungua programu ya mazungumzo na kuambiwa kuwa amepigwa marufuku katika chaneli ambayo hajawahi kuikanyaga, anaweza kudhani ameonewa. Mara nyingi hakuna aliyemlenga. Saa chache kabla yake, mtu mwingine aliyeketi katika kompyuta ya jirani alifanya vurugu, na adhabu ya yule ndiyo inayomkuta huyu.

Sababu ya mkasa wa aina hiyo imo katika kanuni za IRC, mfumo wa mazungumzo ya maandishi ambao ni mkongwe kuliko tovuti zenyewe. Anayezifahamu kanuni hizo hujua kwa nini mlango umefungwa, nani anaweza kuufungua, na maneno yake yanasomwa na nani.

IRC ilianzishwa Agosti 1988 na Jarkko Oikarinen, aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Oulu nchini Finland. Kanuni zake ziliandikwa rasmi Mei 1993 katika waraka unaojulikana kama RFC 1459, ulioandaliwa na Oikarinen pamoja na Darren Reed. Aprili 2000 Christophe Kalt alizifafanua upya katika nyaraka nne, kuanzia RFC 2810 hadi RFC 2813.

Kwa miji iliyo mbali na pwani, mfumo huo ulikuwa na faida moja kubwa: hupitisha maandishi matupu. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti kati ya Tanzania na nchi za nje ilipita katika satelaiti, na kompyuta zote za duka moja ziliweza kugawana njia nyembamba. Picha ilichukua dakika kadhaa kufunguka. Mstari wa maneno ulipita.

Mstari huo una kikomo. Ujumbe mmoja wa IRC hauzidi baiti 512, zikiwemo mbili za kufungia mstari. Ndani yake hutajwa mtumaji, amri, mlengwa na maneno yenyewe. Mtumiaji huona maneno tu kwa kuwa programu yake humfichia mengine.

Ujumbe una aina zake

Aina inayotumika zaidi ni PRIVMSG. Jina hilo huwapotosha wengi kwa kuwa linadokeza usiri, ilhali amri hiyohiyo ndiyo inayopeleka maneno kwa mtu mmoja na ndiyo inayoyapeleka kwa chaneli nzima. Tofauti ni mlengwa tu: likitajwa jina la mtu, anasoma mtu huyo; likitajwa jina linaloanza na alama ya #, wanasoma wote waliomo. Wanaojikuta wameanika siri zao mbele ya hadhara wengi wao walikosea hapo.

Aina ya pili ni NOTICE, yaani taarifa. Kwa macho inafanana na ya kwanza, lakini ina sharti moja: programu yoyote isiijibu yenyewe. Sharti hilo lina sababu. Katika chaneli nyingi huwamo roboti, yaani programu zinazojibu bila mtu. Kama roboti mbili zingejibizana kwa PRIVMSG, moja ikisema "karibu" na nyingine "ahsante", zingeendelea usiku kucha hadi kuielemea seva. Kwa hiyo roboti iliyotengenezwa vizuri hujibu kwa NOTICE, na mazungumzo hukoma hapo.

Kundi la tatu ni la amri zinazoeleza mwenendo wa watu. JOIN husema mtu ameingia, PART ametoka katika chaneli, QUIT ameondoka katika mtandao mzima, na NICK amebadili jina. TOPIC hubadili mada iliyobandikwa juu ya chaneli, INVITE humwalika mtu, na KICK humtoa aliyemo. PING nayo ni swali la seva la kutaka kujua iwapo mtumiaji bado yupo. Programu yake isipojibu PONG, hukatwa. Mahali ambapo umeme au mtandao hukatika, huo ndio mwisho wa wengi, na wenzao huona tu kwamba muda wa kusubiri umekwisha.

Kundi la nne ni majibu ya seva yenye tarakimu tatu. Namba 001 humkaribisha mgeni. Namba 332 huleta mada, na 353 orodha ya waliomo. Zinazoanzia 400 huashiria kosa, na zinastahili kukaririwa: 433 ina maana kuwa jina tayari linatumika, 471 chaneli imejaa, 473 wanaingia walioalikwa tu, 474 umepigwa marufuku, 475 neno la siri si sahihi, 404 huruhusiwi kuzungumza, na 482 huna mamlaka ya usimamizi. Kijana wa Songea aliyeona 474 hana sababu ya kujaribu neno jingine la siri. Aliyeona 475 hana sababu ya kumlaumu msimamizi kuwa amemfungia.

Modi: funguo za baraza

Chaneli inaweza kulinganishwa na baraza. Anayeketi kwanza ndiye anayepewa rungu: mtu wa kwanza kuingia katika chaneli isiyokuwapo huwa msimamizi wake, na jina lake hutanguliwa na alama ya @. Wa mwisho akitoka, kwa kanuni za asili, baraza hutoweka.

Msimamizi huliongoza baraza hilo kwa modi, ambazo ni herufi zinazowashwa kwa alama ya kujumlisha na kuzimwa kwa alama ya kutoa, kwa kutumia amri ya MODE. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja.

Chukulia mfano wa wafanyabiashara wa mahindi wa Songea, Mbinga na Namtumbo wanaotaka kupashana bei. Wakiwasha modi n, mtu aliye nje hawezi kutupa maneno ndani bila kwanza kuingia. Wakiwasha t, mada, ambamo huenda wameandika bei ya siku, haibadilishwi na yeyote isipokuwa msimamizi. Chaneli isiyo na t inamruhusu mgeni yeyote kubandika bei ya uongo juu ya mlango, na mkulima akauza gunia kwa hasara kwa kuiamini.

Modi i huruhusu walioalikwa pekee, k huweka neno la siri, na l huweka idadi ya juu ya watu. Modi s huificha chaneli isionekane katika orodha. Modi p, ambayo ni ndugu yake, hufanya hivyo kwa kiwango kidogo zaidi.

Modi m hugeuza baraza kuwa mkutano wenye mwenyekiti. Wote husikia, lakini huzungumza wasimamizi na wale tu waliopewa sauti kwa modi v, ambao majina yao hutanguliwa na alama ya kujumlisha. Modi o ndiyo rungu lenyewe, na ndiyo ya kutolewa kwa tahadhari kubwa zaidi. Katika kanuni za asili, aliyepewa @ leo anaweza kumvua kesho yule aliyempa.

Mfano halisi wa chaneli ya kusikiliza tu unawahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Wikimedia, taasisi inayoendesha Wikipedia, kwa miaka mingi imekuwa na seva ya IRC ambamo kila toleo la lugha lina chaneli yake, likiwemo la Kiswahili lililoanzishwa mwaka 2003. Roboti hutangaza humo kila badiliko linalofanywa katika makala. Watu wa kawaida hawaruhusiwi kusema neno. Faida yake ni kwamba anayelinda makala dhidi ya waharibifu huona badiliko mara linapofanyika.

Marufuku inayowakumba wasiohusika

Modi inayoleta manung'uniko mengi zaidi ni b, ya marufuku. Haimtaji mtu, bali hutaja sura yake kwa sehemu tatu: jina la utani, jina la mtumiaji na anwani ya mtambo, na alama ya nyota husimama badala ya chochote. Marufuku ya jina la utani pekee ni dhaifu, kwa kuwa mhusika hubadili jina na kurudi. Kwa hiyo msimamizi aliyechoka hufunga anwani.

Hapo ndipo wasio na hatia huumia. Kompyuta zote za duka moja la intaneti, iwe Mfaranyaki au Lizaboni, kwa kawaida huonekana nje kwa anwani moja. Kampuni za simu nazo huwapa wateja wengi anwani moja kwa pamoja. Ukifungwa mlango wa mmoja, wamefungiwa wote. Msimamizi asiye na subira anaweza kwenda mbali zaidi na kufunga kila anwani inayoishia na .tz, na kwa mstari mmoja akawa amewafukuza watu wa nchi nzima kwa kosa la mtu mmoja.

Dawa ipo. Nyaraka za mwaka 2000 zinataja modi e, inayomtoa mtu katika marufuku, na modi I ya herufi kubwa, inayomruhusu kuingia bila mwaliko. Aidha, mitandao mingi ya leo humwezesha mtumiaji kujisajili kwa akaunti yenye nywila, na msimamizi akamtambua kwa akaunti hiyo badala ya anwani ya duka. Anayetumia kompyuta za umma ana sababu kubwa zaidi ya kujisajili kuliko mwenye ya kwake nyumbani.

Rungu linapoporwa

Seva za mtandao mmoja zikipoteza mawasiliano, chaneli hugawanyika. Zamani wajanja walisubiri upande mmoja ubaki mtupu, wakaingia kwanza, wakapewa @, na mawasiliano yaliporudi wakawavua wenyeji. Jinsi ya kuzuia uporaji huo ni miongoni mwa mambo yaliyochangia mtandao wa EFnet kugawanyika Julai 1996 na kuzaliwa IRCnet. Upande wa Marekani ulitaka seva zilinganishe saa ya kuanzishwa kwa chaneli. Upande wa Ulaya ulitaka jina la chaneli lisishikwe kwa muda baada ya mgawanyiko.

Hata mtandao mzima unaweza kubadili mikono. Mei 2021 wahudumu wa Freenode walijiuzulu kwa wingi kutokana na mgogoro wa umiliki, wakaanzisha Libera.Chat, na miradi mingi ikawafuata.

Wengi wa wakazi wa Songea leo huzungumza katika makundi ya WhatsApp, lakini baraza ni lilelile. Uwezo wa viongozi pekee kutuma ujumbe, ulioongezwa katika WhatsApp mwaka 2018, unafanya kazi ya modi m. Alama ya # iliyoenea katika mitandao ya kijamii ilipendekezwa kwa Twitter na Chris Messina Agosti 2007 kwa kufuata mfano wa majina ya chaneli za IRC.

Hata hivyo, hakuna modi inayotunza siri ya aliyokwisha kuyasema mtu. Modi s huficha jina la chaneli, haizuii waliomo kuhifadhi maneno. Mawasiliano yasiyosimbwa, ambayo kwa desturi hupita mlango namba 6667, yanaweza kusomwa njiani. Yaliyosimbwa hupita namba 6697. Wala modi haimwondolei mtu wajibu: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nchini Tanzania inahesabu kuchapisha taarifa za uongo kuwa kosa, ziwe zimetolewa hadharani au nyuma ya mlango wenye neno la siri.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, basi, yampasa mtumiaji kutazama mambo matatu: jina la mlengwa, modi zilizowashwa, na ni akina nani wenye alama ya @ mbele ya majina yao.