Mwalimu wa Kiroho: Anakuonyesha Njia au Anakufunga Kamba?

Mpenzi msomaji, mambo ya moyo yakikuzidi unamwendea nani? Shehe, mchungaji, au mama fulani mwenye hekima pale mtaani? Kuwa na mtu kama huyo ni bahati. Ila jiulize: ukitoka kwake unatembea kwa miguu yako, au kesho unarudi kuomba ruhusa?

Nauliza kwa sababu nina shoga yangu, msomi, kazi yake nzuri tu, ambaye hakubali posa mpaka mwalimu wake wa kiroho aseme ndiyo. Mchumba wa kwanza kakataliwa, wa pili vilevile. Sababu hakupewa, naye hakuuliza. Nikampa riwaya moja asome. Jibu lake? "Ngoja kwanza nimuulize mwalimu." Jamani!

Riwaya yenyewe ni Siddhartha ya Hermann Hesse, iliyotoka mwaka 1922. Inatupeleka India ya kale, kwa kijana anayetafuta amani ya nafsi. Anakutana na Buddha mwenyewe. Rafiki yake Govinda anabaki kuwa mfuasi, lakini yeye anaaga na kushika njia yake. Buddha hamlaani wala hamtishi. Anamtahadharisha tu asizidishe ujanja wa maneno, kisha anamwacha aende.

Anayemfaa zaidi baadaye ni Vasudeva, mzee anayevusha watu mtoni. Hana mimbari wala wafuasi, ila anajua kusikiliza. Kamala, mwanamke aliyependana na Siddhartha, anakufa kwa kuumwa na nyoka na kumwachia mtoto wa kiume. Baba anamng'ang'ania mtoto kwa mapenzi mpaka kijana anatoroka. Vasudeva alishamwonya kwa upole, bila kumlazimisha. Siddhartha anapomkimbilia mwanawe, mzee anamfuata, anamkuta ameduwaa na kumgusa bega. Hakuna cha "si nilikuambia?" Na siku Siddhartha anapotulia moyo, Vasudeva anaingia zake msituni. Kazi yake imekwisha.

Kwangu mimi, hapo ndipo mwalimu wa kweli anapojulikana. Anakuandaa uweze kuishi bila yeye. Yule mwingine anakuandaa usiweze kupumua bila yeye, na hasara unaibeba wewe: uchumba unavunjika, ndugu wanakaa mbali, miaka inakwenda.

Kwa hiyo mchunguze wa kwako. Je, anakusikiliza kabla ya kutoa hukumu? Ukimuuliza sababu, anakueleza au anakutisha kwa laana? Anakupatanisha na watu wako au anakutenga nao? Siri ulizompa anazitunza, au anazitumia kukushika?

Kama majibu yanakukosesha usingizi, dada yangu, usiogope kuaga kwa adabu. Heshima ibaki, shukrani itolewe, lakini uamuzi wa nani uzeeke naye uwe wako. Ndani ya ndoa hiyo utakayelala na kuamka ni wewe, siyo mwalimu.