Tanzania: Kwa nini orodha ya kumi bora iliondolewa

Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule wala watahiniwa kumi bora, kwa hoja kwamba wanafunzi hawasomi katika mazingira yanayofanana.

Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1954, mwanasaikolojia wa Marekani Leon Festinger alieleza kuwa mtu asiye na kipimo cha uhakika hujipima kwa wenzake. Mtoto asomaye kwa kibatari, akijilinganisha na aliye bwenini penye umeme na maktaba, hupoteza kujiamini na kujiona mzito wa akili. Alama zake mwenyewe za muhula uliopita zingemweleza mengi zaidi.

Nyumbani, hata hivyo, wazazi wengi wangali wakiuliza kwanza: “Nani amekushinda?”