Rekodi Nane za Mfuko wa Mwalimu wa Kiingereza Asia

Kutoka Tokyo hadi Kuwait, walimu wa kigeni wanaofundisha Kiingereza Asia wamo katika mashindano makali ya pesa: nani anakaa nyumba ya bure, nani anakatwa kidogo, nani anabaki na kitu mwezi ukiisha. Washindi ni hawa.

1. Umati mkubwa: Japani

Mpango wa serikali uitwao JET ulianza mwaka 1987 na watu 848 kutoka nchi nne. Leo waliopitia humo, wengi wao walimu wasaidizi wa lugha, wamezidi 75,000. Waite wote Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, na zaidi ya 15,000 watabaki nje ya geti! Anayeanza sasa hulipwa yen milioni 4.02 kwa mwaka, yaani 335,000 kwa mwezi kabla ya makato.

2. Makazi finyu: Hong Kong

Mwaka 2021 bei ya nyumba ya kawaida hapa ilifikia mara 23.2 ya kipato cha kaya kwa mwaka. Vimewahi kuuzwa vyumba vya futi za mraba 128, sawa na mita za mraba 12 hivi, jiko na choo humo humo. Goli la mpira, mlingoti hadi mlingoti, ardhi hadi mwamba, lina karibu mita za mraba 18. Goli limeshinda nyumba! Ndiyo maana mpango wa serikali wa walimu wa kigeni, NET, ulioanza mwaka 1998, ulikuja na posho maalumu ya kuwasaidia kulipia makazi.

3. Kuhamia kwa gharama: Japani tena

Mpangaji wa Dar es Salaam anajua uchungu wa kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pamoja na mwezi mmoja wa dalali. Anayepanga mwenyewe Japani anaweza kutoa kodi ya miezi minne hadi sita kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Tofauti ni kwamba wa Dar atalala nusu mwaka kwa pesa ile. Wa Japani amelipia mwezi wa kwanza, dhamana, dalali, mdhamini, na mara nyingi *reikin*, asante kwa mwenye nyumba ambayo hairudi kamwe.

4. Ukarimu mkubwa, mlango mwembamba: Korea Kusini

Mpango wa serikali uitwao EPIK, ulioanza mwaka 1995, humpa mwalimu nyumba bila kodi au posho ya kupangia. Juu yake kuna pesa ya tiketi ya ndege, pesa ya kuanzia maisha, na kiinua mgongo cha kisheria: mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliotimizwa. Ila pasipoti zinazokubaliwa ni za nchi 7 tu: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Afrika ina nchi 54, na iliyopita ni moja!

5. Makato madogo: Ghuba

Sifuri. Hakuna rekodi inayoweza kwenda chini ya hapo. Falme za Kiarabu, Qatar, Kuwait na Saudi Arabia hazikati kodi ya mapato kwenye mshahara wa mwalimu. Oman imepitisha kodi ya asilimia 5 itakayoanza mwaka 2028, lakini kwa kipato kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka, zaidi ya dola 100,000. Walimu wengi wa Muscat hawataigusa.

6. Kodi inayoporomoka kwa kasi: Taiwan

Mwalimu asiyefikisha siku 183 nchini ndani ya mwaka wa kodi kwa kawaida hukatwa asilimia 18 ya mshahara wake. Akizifikisha, anahesabiwa mkazi, na daraja la chini ni asilimia 5. Siku moja ya kalenda inaweza kuwa na thamani kuliko nyongeza ya mshahara.

7. Noti zenye sifuri nyingi: Vietnam

Noti kubwa ya Vietnam ni dong 500,000, mara 50 ya namba iliyo kwenye noti yetu ya elfu kumi ya Tanzania, lakini thamani yake ni karibu dola 20. Mshahara wa dong milioni 40 ni noti 80 kama hizo. Kwa viwango vya karibuni, Kuwait ingeumaliza kwa noti 24 tu za dinari 20. Nauli nayo inaachia pumzi: treni ya kwanza ya mjini Ho Chi Minh City, kilomita 19.7, karibu sawa na njia zote za awamu ya kwanza ya mwendokasi wa Dar, ina tiketi ya mwezi ya dong 300,000. Chini ya asilimia moja ya mshahara huo!

8. Anguko zito: Japani, Oktoba 2007

Nova, kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote Japani kwa shule binafsi za Kiingereza, ilifilisika ikiwa na walimu wa kigeni wapatao 4,000. Wapange kwenye mabasi ya mikoani yenye viti 60, utahitaji zaidi ya mabasi 66. Mishahara ilikatika. Kwa baadhi yao, kodi ya nyumba iliyokatwa kwenye mshahara haikuwa imemfikia mwenye nyumba. Wapo waliofundisha kwa kubadilishana na chakula.

Kombe kuu

Linakwenda kwa Korea Kusini na Ghuba, kwa sababu mshindi wa bajeti hupatikana penye makato machache: asiyelipa kodi ya pango au ya mapato ndiye anayeweka akiba. Wewe unayetaka kwenda, weka kwanza pesa ya kula miezi mitatu, kisha uliza nani analipa nyumba, nani analipa tiketi, na mshahara wa kwanza unaingia tarehe ngapi. Usipojibiwa kwa maandishi, usitie saini.