Babu na bibi zetu wameandikwa wapi? Namna ya kuwatafuta katika vitabu vya kanisa na vya serikali

Ukiwauliza vijana wa kwaya majina ya babu na bibi zao wanne, wengi watataja wawili, kisha watanyamaza. Jina la mama ya mama ndilo linalopotea mbele ya mengine yote. Walimjua kwa jina la Koko, au Kambo kwa wale wa Katanga, na siku alipozikwa, jina lake lilizikwa pamoja naye.

Jambo hili si dogo. Shamba la urithi linapogawanywa, ndugu wanabishana nani ni mtoto wa nani. Vijana wawili wanataka kuoana, na wazee wanaanza kunong'ona kwamba wana babu mmoja. Familia iliyokimbia vita inarudi kijijini baada ya miaka mingi na hakuna anayeitambua. Mara nyingi karatasi moja ya ubatizo au ya ndoa inaweza kuleta amani pale ambapo maneno yameshindwa.

Biblia inalijua jambo hili. Katika Ezra sura ya 2, watu wanarudi kutoka uhamishoni Babeli, na baadhi ya jamaa za makuhani wanatafuta majina yao katika orodha za koo. Hawayapati, na kwa sababu hiyo wanawekwa kando katika kazi ya ukuhani. Sisi tuliokimbia mara nyingi tunaelewa vizuri uchungu wao.

Anza na wewe, rudi nyuma hatua kwa hatua

Kosa la wengi ni kurukia moja kwa moja kwa babu aliye mbali, hasa yule mwenye sifa. Anza na karatasi yako mwenyewe. Cheti chako cha kuzaliwa kinataja baba na mama. Cheti cha ndoa cha baba na mama kinataja wazazi wa pande mbili, na hao ndio babu na bibi zako wanne. Ndiyo maana karatasi ya ndoa ina thamani kubwa sana katika kazi hii: inaunganisha koo mbili kwenye ukurasa mmoja, na mara nyingi inaandika pia kijiji cha asili, mashahidi na mahari. Mashahidi usiwapite haraka. Mara nyingi ni mjomba, shangazi au kaka mkubwa, na watoto wao huenda wako hai.

Lakini kabla ya kwenda ofisini, kaa na wazee. Usimuulize bibi, "Ulizaliwa mwaka gani?" Muulize alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa Uhuru wa 1960, kama alikuwa ameshaolewa wakati wa vita vya Mulele, 1964, kama alikuwa na watoto nchi ilipoitwa Zaire, 1971. Kwa watu wa Goma na Sake, volkano ni kalenda nzuri: Nyamulagira ya 1938 mpaka 1940, Nyiragongo ya 1977 na ya 2002. Andika majibu yake, na uandike pia jina la aliyekuambia na tarehe.

Majina yanaweza kukupoteza

Katika nchi nyingi za Ulaya, mtoto hubeba jina la ukoo wa baba, na mtafutaji hulifuata jina hilo kizazi kwa kizazi. Kwetu sivyo. Watoto watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana, kwa hiyo jina peke yake halithibitishi ukoo. Linganisha kila mara vitu vitatu pamoja: jina, kijiji cha asili, na jina la mzazi au la mwenzi wa ndoa.

Kumbuka pia mwaka wa 1972. Wakati huo utawala wa Mobutu, kwa siasa ya kurudi kwenye asili, ulikataza majina ya Kikristo ya kigeni. Mtu aliyebatizwa Petro mwaka wa 1955 anaweza kuonekana kwenye kitambulisho cha miaka ya 1970 bila Petro, akiwa na majina mawili ya kienyeji. Ni mtu yule yule. Tafuta kwa majina yake yote.

Mahali nako kulibadilika majina. Karatasi ya zamani ikisema Costermansville, ni Bukavu. Élisabethville ni Lubumbashi, Albertville ni Kalemie, Stanleyville ni Kisangani, Jadotville ni Likasi.

Vitabu vya serikali

Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya kufa hutolewa na ofisi ya etasivili, mjini kwenye komini, na vijijini kwenye ofisi ya eneo lenu. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, ndiyo inayoongoza kazi hiyo. Nenda ukiwa na jina, mwaka wa karibu na mahali, maana rejista hupangwa kwa mwaka, haipangwi kwa ukoo. Ikiwa rejista ya komini imeungua au imeporwa, uliza kwenye grefe ya tribinali kama kuna nakala.

Tuseme ukweli: babu wengi waliozaliwa vijijini wakati wa Wabelgiji hawana cheti cha kuzaliwa. Waliandikwa kwenye kadi za kuhesabu watu na kwenye kitabu kidogo cha utambulisho ambacho mwanaume alitembea nacho. Kitabu hicho kinaweza kuwa bado kipo ndani ya sanduku la mjane wake. Kama babu alifanya kazi katika migodi ya Union Minière kule Katanga, kampuni hiyo iliweka faili za wafanyakazi wake, na wengi wao walitoka mbali: Kasai, Rwanda, Burundi. Faili ya kazi inaweza kutaja kijiji ambacho familia ilikwisha kukisahau.

Vitabu vya kanisa

Hapa sisi Waprotestanti tuna hazina tusiyoijali. Kitabu cha ubatizo, kitabu cha ndoa, kadi ya mshirika, barua ya kuhamia kanisa lingine: vyote hivi vinasema nani alikuwa wapi, na mwaka gani.

Lakini soma kwa kuelewa. Parokia za Katoliki, na baadhi ya makanisa yetu kama Wamethodisti, hubatiza watoto wachanga, kwa hiyo tarehe ya ubatizo huwa karibu na tarehe ya kuzaliwa. Katika jumuiya za Wabaptisti na Wapentekoste, anayebatizwa ni yule aliyeamini mwenyewe. Bibi aliyebatizwa kwa maji mengi mwaka wa 1950 anaweza kuwa alizaliwa 1910 au 1935. Usichukue mwaka wa ubatizo ukauandika kuwa mwaka wa kuzaliwa.

Jua pia mizizi ya jumuiya yako. CECA 20 ilitokana na kazi ya Africa Inland Mission, CEPAC na wamisionari wa Sweden, CELPA na wale wa Norway. Barua na ripoti nyingi za wamisionari zilipelekwa kwao. Ikiwa babu alikuwa mwinjilisti au mwalimu wa kwanza kwenye stesheni, jina lake au picha yake inaweza kuwa huko. Pitia ofisi ya jumuiya yako ili ikuandikie barua.

Karatasi zisipopatana

Kitabu kimoja kinasema 1932, kingine "karibu 1928". Usifute hata kimoja. Andika vyote viwili, na useme kila kimoja kilitoka wapi. Karatasi iliyoandikwa karibu na tukio, na mtu aliyekuwepo, ina uzito kuliko ile iliyoandikwa miaka arobaini baadaye.

Jiandae pia kukuta mambo yanayouma: mke wa pili ambaye hakutajwa kamwe, mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, mtu aliyechukuliwa mateka akalelewa katika ukoo mwingine. Kabla ya kulitangaza jambo kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, mwone mzee mwenye hekima au mchungaji. Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu, hakumficha Tamari, wala Rahabu, wala Ruthu Mmoabi. Kweli haikuharibu ukoo ule.

Tena tukumbuke onyo la Paulo kwa Timotheo juu ya nasaba zisizo na mwisho. Hatutafuti wazee ili tuwaabudu, wala ili tujivunie kabila, wala ili tumwambie jirani kwamba yeye si wa hapa. Atakayetumia kazi hii kumfukuza mwenzake ameipindua.

Tufanye nini sasa?

Kwa wachungaji na makatibu wa parokia: pigeni picha kila ukurasa wa vitabu vya zamani, na nakala zikae mahali pawili mbalimbali, maana nyumba moja huungua. Msizitume ovyo, kwa sababu majina na asili za watu walio hai ni siri yao.

Kwa wazazi: sheria inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto aliyezaliwa. Zikipita, inabidi kupitia tribinali, na hiyo ni safari ndefu na gharama. Ndoa iliyobarikiwa kanisani nayo iandikishwe etasivili, ili mjane asije akaulizwa ushahidi siku ya msiba.

Kwa vijana: Jumapili hii, baada ya ibada, chukueni daftari mkae karibu na bibi. Paulo alimjua bibi ya Timotheo kwa jina lake, Loisi, akaliandika, na mpaka leo tunalisoma. Muulize bibi yako jina lake lote, na jina la mama yake. Liandike kabla hajachoka.